Ushuru wa usingizi tunaoulipa Gatsata

Mfanyabiashara anayeingia Kigali kutoka Kampala kwa barabara ya Gatuna hupita Gatsata kabla hajafika Nyabugogo. Anaiona kupitia dirisha la basi: gereji, maduka ya vipuri, milango ya magari iliyoegemezwa ukutani, injini zilizofunikwa turubai, na juu yake nyumba zinazopanda kilima. Dakika chache baadaye basi linaingia stendi, mlango unafunguliwa, na vijana wa mizigo wanamuuliza kabla hata ya salamu: unalala wapi?

Karibu kila mmoja wetu ana jibu moja. Pa bei nafuu.

Mimi nataka kulipinga jibu hilo, maana limetula mtaji kwa miaka mingi nasi tukidhani linatuokoa.

Tunaijua vizuri hesabu ya ushuru wa forodha. Tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza rasmi tarehe 1 Julai 2010, wengi wetu tumejifunza haki zetu mpakani kwa kuzipigania. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu Januari 2014. Raia wa Jumuiya anagongewa muhuri wa miezi sita bila kulipia viza. Mwenye bidhaa za hapa kwetu zisizozidi dola 2,000 anajua kuna cheti chepesi cha kumpitisha. Ukimdai mfanyabiashara shilingi elfu mbili isiyo na maelezo pale Rusumo, atasimama na kukuuliza risiti.

Lakini muulize huyo huyo safari yake ya mwisho alilala usiku ngapi, na kila usiku ulimgharimu nini kwa jumla. Atakutajia bei ya chumba basi. Mengine hayamo kwenye daftari. Huo ndio ushuru tunaoulipa kwa hiari, bila risiti na bila kugomba.

Tuchukue mfano. Tuseme chumba ni faranga 10,000, ukabishana na mwenye gesti mpaka akakuachia kwa 8,000. Umeokoa 2,000 na umelala ukijisifu. Kesho yake mambo hayakukamilika, ukaongeza usiku mmoja. Lipa chumba tena 8,000, ongeza chai, chakula cha mchana na cha jioni, pikipiki za kwenda na kurudi, vocha ya simu ya kuwaeleza nyumbani kwamba hurudi leo, na siku nzima ya duka lako likiwa limefungwa au limeachiwa kijana asiyejua bei. Sioni jinsi utakavyotoka chini ya 20,000. Usiku mmoja ambao hukulala Kigali ni sawa na kubishana bei mara kumi. Kwa hiyo swali la maana kuliko bei ya kitanda ni hili: huu usiku umetoka wapi?

Mwingi unatoka kwenye kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Rwanda nzima iko kwenye umuganda, kazi ya pamoja, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka yamefungwa, magari hayatembei, na mgeni aliyefika Ijumaa jioni akitegemea kununua asubuhi na kugeuza mchana anabaki amekaa kitandani akisikiliza majembe. Saa tano inapofika kuna wauza vipuri ambao hawatafungua hata hivyo, kwa sababu ni Waadventista na Jumamosi ni Sabato yao. Jumapili wengine wako kanisani. Ukihesabu, ulifika Ijumaa na biashara yako imeanza Jumatatu. Siku tatu za chumba, na hakuna aliyekuibia.

Hali ni hiyo hiyo tarehe 7 Aprili, siku ya kuanza kwa maombolezo ya mauaji ya kimbari, na wiki inayofuata mji unakwenda taratibu. Tarehe 1 na 4 Julai ni sikukuu za kitaifa. Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura. Nimewaona watu wenye uzoefu wa miaka kumi barabarani wakishangazwa na siku hizi kana kwamba zimetangazwa jana. Kalenda ya Rwanda ipigiliwe ukutani dukani kwako, iwe ni Kabale, Kahama au Eldoret. Ukitaka kufanya kazi na kuondoka, fika Jumatatu au Jumanne.

Usiku mwingine unatoka kwenye simu ambayo hukupiga. Mnunuzi wa vipuri anakuja Gatsata na kumbukumbu tu: "Nataka gia boksi ya gari fulani, ya mwaka fulani." Muuzaji anamuuliza namba ya chesi. Hana. Anampigia fundi nyumbani, fundi yuko chini ya gari, atapiga baadaye. Baadaye inafika saa mbili usiku. Ingekuwa picha ya kifaa na namba ya chesi vimetumwa siku tatu kabla, muuzaji angekuwa amekitafuta tayari kwa wenzake wa jirani, maana pale mtu mmoja asipokuwa nacho anajua nani anacho. Na hapa niseme jambo kwa Waganda, Wakenya na Watanzania: Rwanda wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na magari yake mengi usukani uko kushoto. Taa za mbele hazimuliki sawa na zetu, na mfumo wa usukani haufanani. Mtu amelipa, amefunga mzigo, amelala, asubuhi fundi anamwambia kwa simu kwamba taa hizo hazifai. Anarudi kuomba kubadilishiwa. Usiku mwingine huo.

Kisha kuna usiku unaozaliwa mpakani. Wapo wanaodhani kile cheti chepesi kinapitisha chochote chini ya dola 2,000. Hapana. Ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Injini iliyotoka Japani haipati uraia wa Afrika Mashariki kwa kukaa Gatsata miezi sita. Itatozwa kama bidhaa ya nje, na asiyelijua hilo anafika Gatuna jioni na fedha ya nauli tu mfukoni, analala pale pale akisubiri kutumiwa fedha kwa simu. Vivyo hivyo asiyedai fagitire ya EBM dukani kwa sababu muuzaji alimpunguzia kidogo ili asiiandike. Alichopunguziwa dukani atakilipa kwa malazi ya mpakani, na mabishano juu.

Nisieleweke kwamba gesti zenyewe hazina hila. Safari moja niliteremka Nyabugogo saa kumi na moja alfajiri, nikapanda Gatsata na kubisha kwenye gesti ambayo sitaitaja. Nililipa, nikalala kama gogo. Saa nne asubuhi mhudumu akagonga: muda umeisha. Nikamwambia nimeingia alfajiri hii hii. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, maandishi madogo, na kweli siku yao ilikuwa inaisha saa nne, uwe umeingia jana mchana au leo kabla ya jogoo. Alfajiri ile nilinunua muda wa saa tano za usingizi kwa bei ya siku nzima, na jioni nikalipa tena. Tangu hapo, kabla ya kutoa noti, nauliza kitu kimoja: ukinipa chumba sasa, siku yangu inaisha lini? Wengi wanakubali kuifikisha jioni, au kukupa kiti na mahali pa kuoga kwa fedha kidogo mpaka kukuche. Lakini lazima uulize kabla. Ukishalipa, karatasi ya nyuma ya mlango ndiyo sheria.

Tena kumbuka saa ya Kigali iko nyuma ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Ukienda unaipata, ukirudi unaipoteza. Aliyeambiwa na mkewe "uwe nyumbani Kabale saa sita" asihesabu kwa saa ya Nyabugogo.

Watakuja wenzangu na ujanja wao: lala kwenye basi, chumba hulipi. Basi la usiku kutoka Kampala linafika alfajiri, unanawa uso stendi, unaanza kazi. Mimi sikatai basi la usiku, ila wengi tunalipanda upande usiofaa. Unapokwenda kununua una fedha mkononi na unahitaji macho makavu. Aliyekesha akitikiswa barabarani haoni ufa kwenye silinda, wala hahesabu vizuri anapobadilisha shilingi kuwa faranga. Unaporudi fedha imekwisha, mzigo umekwishalipiwa na kukaguliwa, na usingizi wa kwenye kiti haukuharibii kitu. Nenda mchana, rudi usiku. Isipokuwa kama mzigo uko nawe kwenye basi hilo hilo na forodha itakuamsha, hapo fanya yote mchana.

Wengine watasema, kwa nini nilipe wakati nina shemeji Gatsata? Ni kweli, na udugu wetu wa mipakani umelaza watu wengi kuliko gesti zote za Nyabugogo. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mfanyabiashara hashiki jembe, anashika simu mpaka saa nne usiku huku watoto wa mwenyeji wamehamishwa sebuleni kumpisha. Kwa shemeji huendi mikono mitupu. Sukari, mafuta, kitenge cha mama, fedha ya watoto. Ukija mara mbili kwa mwezi umekuwa mzigo hata kama wanatabasamu. Nakushauri uitunze nyumba ya shemeji kwa siku ya ugonjwa au ya mpaka kufungwa.

Na mipaka hufungwa. Gatuna ilifungwa Februari 2019 ikafunguliwa tarehe 31 Januari 2022, na Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake wa ardhini na Rwanda. Hakuna hesabu ya gesti inayoshinda jambo kama hilo. Mtu alitoka kwake kwa safari ya siku mbili, akajikuta ana mzigo upande mmoja na familia upande wa pili. Wakubwa wanapozungumzia utangamano nawaomba wakumbuke kwamba siku ya kufunga mpaka kuna watu wako vyumbani vya kulipia kwa siku, na hakuna aliyewapa hata saa ishirini na nne za kujipanga.

Nimefika kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Usiku tukishaupunguza, utabaki ule usioepukika, mmoja au miwili kwa safari. Huo nao tunaulipa vibaya kwa sababu kila mtu anaulipa peke yake.

Sehemu kubwa ya wachuuzi wa mipaka yetu ni wanawake, na kwao bei ya kitanda si ile iliyoandikwa mapokezi. Mwanamume anaweza kukubali chumba cha komeo bovu na choo cha nje, akaweka fedha chini ya godoro na kulala. Mwanamke mwenye mtaji kiunoni hawezi. Analazimika kupanda daraja, chumba chenye kitasa cha maana na choo cha ndani, akilipa mara mbili ya mwenzake kwa biashara ile ile na faida ile ile. Au anajibana na kulala pa hovyo, na kesho anafanya biashara na usingizi wa jicho moja. Hili halionekani kwenye jedwali lolote la ushuru, lakini linawatoa wanawake sokoni.

Wazee wetu wa misafara walilielewa jambo hili. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa na karavanserai, nyumba ya kupumzikia wapagazi na misafara itokayo bara, watu na mizigo mahali pamoja, kwa sababu msafara uliotawanyika mitaani ulikuwa msafara uliopotea. Jamii za wafanyabiashara wa Kihindi kwenye miji ya pwani zikajenga musafirkhana za kuwapokea wageni wao. Na hadi leo anayesafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anajua hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote anakula na kupewa pa kulala bila kudaiwa, akitoa sadaka akipenda. Kigali yenyewe ina nyumba za wageni za makanisa, kama Centre Saint Paul karibu na Sainte Famille, safi na tulivu, ingawa kutoka huko hadi kwenye vipuri vya Gatsata ni nauli ya pikipiki asubuhi na jioni, na kwenye nyumba za namna hiyo uliza mapema lango linafungwa saa ngapi.

Sisi tulio wengi zaidi kuliko misafara yote ya Bagamoyo tumejenga nini? Serikali zetu zimejenga vituo vya forodha vya pamoja na masoko ya mipakani, na nazishukuru. Kitanda sijasikia.

Pendekezo langu halihitaji serikali kujenga. Tuseme wafanyabiashara ishirini wanaofahamiana, kila mmoja analala Kigali usiku minne kwa mwezi. Ni usiku themanini. Kwa chumba cha 8,000 hiyo ni faranga 640,000 zinazoingia kwa wenye gesti kila mwezi. Mwulize dalali, wao wanamwita komisiyoneri, ni nyumba gani unaipata kilimani Gatsata kwa nusu ya fedha hiyo, nusu nyingine ikibaki kwa mlinzi, maji, umeme na mama wa kupika. Chumba kimoja cha wanawake chenye mlango wake na choo chake. Chumba kimoja cha wanaume. Stoo moja ya komeo la nguvu, maana injini nayo inalala, na mwenye stoo anakutoza. Unashuka Nyabugogo, unapanda kwa miguu, unakuta wenzako waliofika jana wanaokwambia bei ya leo kabla hujaenda kulanguliwa. Hiyo peke yake inalipa kodi.

Nasema kilimani kwa makusudi. Chini bondeni ni karibu zaidi na stendi na vyumba ni rahisi, lakini bonde la Nyabugogo linajua mafuriko, na serikali imekuwa ikiondoa shughuli kwenye maeneo ya majimaji ya Kigali, gereji za huko zikiwemo. Usipangishe nyumba ambayo maji au mamlaka yatakutoa katikati ya mkataba.

Vikwazo vipo, na si vidogo. Rwanda si mahali pa kuingiza watu wapya kila usiku kwenye nyumba ya mtaani ukategemea hakuna atakayeuliza. Kiongozi wa umudugudu atauliza, na ana haki. Kwa hiyo nyumba ianze na karatasi: kikundi kisajiliwe, ikiwezekana kama ushirika kwenye mamlaka ya ushirika ya Rwanda pamoja na wenzetu Wanyarwanda wanaofanya biashara hii hii, mkataba uwe wa maandishi, na daftari la wageni lenye jina, namba ya kitambulisho na tarehe lijazwe kila jioni hata kama aliyeingia ni mwenyekiti mwenyewe. Kama mnapokea wasio wanachama kwa malipo, hiyo ni biashara ya malazi na ina leseni yake, msijifiche.

Kikwazo kikubwa zaidi ni sisi. Nimeona vikundi vya kuweka akiba vikivunjika kwa faranga elfu tano. Nyumba hii itavunjika siku ambayo asiyelala mwezi huu atakataa kuchangia, akisema "mimi sikuja." Kwa hiyo kila mtu alipe usiku wake wanne mwanzo wa mwezi, aje asije, kama anavyolipa pango la duka lake hata siku asipofungua. Asiyekuja anaweza kumuuzia mwenzake usiku wake. Mweka hazina awe mtu anayeishi Kigali na ambaye hasafiri, na daftari lisomwe mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu.

Waganda wanaoshusha matoke, Wakongo wanaotafuta injini, Watanzania wa mchele, Wakenya wa plastiki na sabuni, tunapishana Nyabugogo kila wiki tukiulizana bei za kila kitu isipokuwa hii. Mkutano wa kwanza unaweza kufanyika kwenye benchi la stendi, Jumanne moja, wakati mnasubiri basi lijae. Aje mmoja na daftari, aandike majina ishirini, na mbele ya kila jina usiku aliolala Kigali mwezi uliopita na alicholipa.